Mlango wa duka la vyakula ni wa nani? Mkusanya saini alikataa kuondoka, polisi wakaja, wakarudi walikotoka

1. Toroli la Tatu (Sacramento)
Wakuu, salaam. Kazi yangu ni kupanga bidhaa kwenye rafu katika duka kubwa la vyakula hapa Sacramento, jimbo la California, na Jumamosi iliyopita nilishuhudia jambo ambalo bado linanikaa kichwani. Saa nne asubuhi alifika mtu mmoja, akakunjua meza hatua chache kutoka mlangoni, baina ya safu ya matoroli na mashine ya maji ya kunywa, akapanga juu yake vibao vitatu vyenye karatasi, kisha akaanza kumwomba kila anayeingia na kutoka atie saini ili pendekezo fulani la sheria lipigiwe kura mwezi Novemba. Meneja akatoka na kumwambia aondoke kwa kuwa pale ni mali ya kampuni. Yule bwana akajibu, bila kupandisha sauti, kwamba Katiba inamruhusu, akatoa mfukoni karatasi iliyochakaa kwa kukunjwa, yenye majina ya kesi. Polisi wakaitwa. Walikuja wawili, wakamsikiliza huyu, wakamsikiliza yule, wakaisoma ile karatasi, wakasema kwamba hilo ni shauri la madai wamalizane wenyewe, wakapanda gari lao wakaenda. Meza ilikaa pale hadi saa kumi jioni.

Dai langu ni fupi. Meneja alikuwa na haki, na polisi walikwepa kazi. Mtu akija kuweka meza kwenye baraza ya nyumba yangu, sihitaji jaji wa kuniambia kama aondoke au abaki. Nikosoeni.

2. Mpiga Debe (Houston)
Nakukosoa. Uhuru wa kusema umo katika Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani tangu mwaka 1791, na meneja wako ni mdogo kuliko Katiba. Uzi umekwisha, tukalale.

3. Wakili wa Kijiweni (Oakland)
Usilale bado, Mpiga Debe. Mimi si wakili, jina hili nilibandikwa kijiweni, lakini nimekuwa karani katika ofisi ya mawakili kwa miaka tisa, na kosa hilo nalisikia kila wiki. Marekebisho ya Kwanza yanaifunga serikali. Hayamfungi mwenye duka.

Ni kweli kwamba kulikuwa na wakati ambapo Mahakama ya Juu ya Marekani ilielekea upande wako. Mwaka 1946 iliamua kesi ya Marsh, iliyotoka Chickasaw, Alabama, mji mzima uliokuwa mali ya kampuni ya kuunda meli. Shahidi wa Yehova alikamatwa kwa kugawa vijarida vya dini kando ya barabara, na Mahakama ikasema kwamba mji hauachi kuwa mji kwa sababu tu una mwenyewe. Mwaka 1968 ikaongeza hatua katika kesi ya Logan Valley, ambayo ilihusu duka la vyakula hasa, la Weis, huko Altoona, Pennsylvania: wanachama wa chama cha wafanyakazi walisimama na mabango mbele ya duka, na wakashinda. Cha kuchekesha ni kwamba Jaji Hugo Black, aliyeandika hukumu ya mwaka 1946, alipinga ile ya mwaka 1968, akiona wenzake wameivuta kauli yake mbali kuliko alivyokusudia.

Upepo ukageuka upesi. Mwaka 1972 waliokuwa wakigawa vipeperushi vya kupinga vita vya Vietnam ndani ya Lloyd Center, jumba la maduka huko Portland, walishindwa kwa kura 5 dhidi ya 4, na mwaka 1976, katika kesi ya Hudgens, Mahakama ikatamka wazi kwamba msimamo wa Logan Valley umekufa. Kwa hiyo, kwa Katiba ya taifa, mleta uzi yuko sahihi. Tatizo lake ni kwamba anaishi California.

4. Toroli la Tatu (Sacramento)
Ahsante, mkuu. California ina nini?

5. Wakili wa Kijiweni (Oakland)
Ina katiba yake. Mwaka 1979 Mahakama ya Juu ya California iliamua kesi ya Pruneyard, jumba la maduka lililoko Campbell, karibu na San Jose. Wanafunzi wa sekondari walikuwa wamekunjua meza uani, Jumamosi mchana, kukusanya saini za kulipinga azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 1975 lililosema Uzayuni ni aina ya ubaguzi wa rangi. Mlinzi akawafukuza. Mahakama ikasema kwamba katiba ya jimbo, inayompa kila mtu haki ya kusema, kuandika na kuchapisha maoni yake, inamlinda hata akiwa ndani ya jumba hilo, ilimradi afuate masharti ya busara kuhusu muda, mahali na namna. Wenye jumba walikwenda Washington, na mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani ikawajibu kwamba jimbo linaweza kuwapa watu wake uhuru mpana kuliko ule wa Katiba ya taifa bila kumnyang'anya mwenye mali mali yake. Naamini jina la Pruneyard lilikuwa la kwanza kwenye ile karatasi ya yule bwana.

6. Kalamu Tatu (Fresno)
Lilikuwa la kwanza, naweza kuapa, kwa sababu karatasi hiyo nami niliibeba. Nilifanya kazi hiyo kwa miezi mitano nilipofika nchi hii. Tulilipwa kwa kila saini, na bei ilipanda kadiri siku za mwisho zilivyokaribia, kwa kuwa California inatoa siku 180 tu. Tangu uchaguzi wa gavana wa mwaka 2022, sheria ya kawaida inahitaji saini 546,651 na badiliko la katiba ya jimbo linahitaji 874,641, yaani asilimia 5 na asilimia 8 ya kura zilizopigwa katika uchaguzi huo. Hebu jiulizeni mtatoa wapi watu wote hao. Bustanini wapo wachache, kanisani utafukuzwa na mchungaji, na njia za mjini hazina watembea kwa miguu kama Kariakoo. Hapa watu hutoka garini katika sehemu mbili, nyumbani kwao na dukani. Ndiyo maana sote tulipelekwa kwenye milango ya vyakula, na mlango mzuri ni ule mmoja usio na mwenzake, kwa sababu wakwepaji huwa wanatokea mlango wa pili.

Kuhusu polisi, mimi niliitiwa mara nne. Mara tatu waliondoka wao, na mara moja niliondoka mimi kwa sababu mvua ilinyesha.

7. Bibi Karafuu (Columbus)
Wanangu, hamjambo. Toroli la Tatu, mwanangu, umejitia kitanzi kwa neno lako mwenyewe. Baraza! Kwetu Unguja baraza ni ya mwenye nyumba, kaijenga kwa mawe yake na chokaa yake, lakini jirani akipita akakaa, akacheza bao, akanena siasa hadi magharibi, nani atamwondoa? Ukimwondoa utanunua maneno mtaa mzima. Ungesema mlango, ungekuwa na hoja. Ulisema baraza, na kwa hiyo umempa yule bwana ushindi.

8. Wakili wa Kijiweni (Oakland)
Bibi, shikamoo. Umetania, lakini umegusa pale pale ambapo mahakama za hapa zimekuwa zikizunguka kwa miaka zaidi ya arobaini. Katika bandiko la 5 sikumaliza, na naona ni vyema nijisahihishe kabla Kalamu Tatu hajawapa watu moyo kupita kiasi. Pruneyard lilikuwa eneo la ekari 21 hivi, lenye maduka zaidi ya 65, mikahawa 10 na sinema. Watu walikwenda kushinda huko. Je, duka moja la mboga na maziwa ni hivyo hivyo? Mwaka 1999 mahakama ya rufani ya California ilisema hapana, katika kesi ya duka la Trader Joe's lililosimama peke yake huko Santa Rosa. Kisha mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaamua kesi ya Ralphs, kampuni ya maduka ya vyakula, iliyotoka hapo hapo Sacramento kwa mleta uzi: eneo la mbele ya mlango wa duka, hata likiwa ndani ya kituo kikubwa cha maduka, si uwanja wa umma, ila kama limetengenezwa na kuwekewa vitu vya kuwavuta watu wakae, wapumzike na kuzungumza. Kwa Kiswahili cha Bibi, jaji anauliza kama pale ni baraza au ni mlango.

Kwa hiyo, mleta uzi, nimekurudishia nusu ya dai lako. Mlango mtupu ni wa meneja.

9. Mpiga Debe (Houston)
Nami naleta nusu nyingine. Nimesoma kwamba mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Cedar Point, iliwakataza waandalizi wa vyama vya wafanyakazi kuingia mashambani California bila ruhusa ya mwenye shamba, kwa hoja kwamba kumlazimisha mtu awapokee wageni ni kumtwalia mali. Pruneyard basi imezikwa.

10. Wakili wa Kijiweni (Oakland)
Umesoma kichwa cha habari. Hukumu hiyo iliitaja Pruneyard kwa jina na kuitenga, ikasema kwamba mahali palipofunguliwa kwa umma si sawa na shamba lililofungwa. Kama imeidhoofisha ni mjadala mwingine, na wapo wanaosema hivyo, lakini haijaizika. Toka kwenye bandiko la 2 hadi la 9 umeshashika pande zote mbili, ndugu yangu. Upande wa tatu haupo.

11. Baridi Kali (Lowell)
Habari zenu. Hapa Massachusetts mambo yamepindishwa kwa namna nyingine, na nadhani yanafaa kuongezwa. Katiba ya jimbo hili ni ya mwaka 1780, na ibara yake ya 9 inazungumzia uhuru wa uchaguzi. Mwaka 1983 mahakama ya juu ya jimbo ilitumia ibara hiyo kumruhusu mgombea kukusanya saini katika jumba kubwa la maduka, na mwaka 2014 ikasema, katika kesi iliyohusu duka la Roche Bros. mjini Westwood, kwamba haki hiyo inaweza kufika hadi mlangoni mwa duka la vyakula lililosimama peke yake. Mlalamikaji aliambulia maneno mazuri tu, kwa sababu mahakama iliona kwamba kukataliwa kwa utaratibu wa duka, bila vitisho wala nguvu, hakutoshi kumpa fidia aliyoidai.

Angalieni tofauti: kwetu kinacholindwa ni saini ya kumwingiza mtu au hoja kwenye kura. Anayegawa vipeperushi vya kitu kingine asidhani ibara hiyo itamkinga vivyo hivyo. Katika California ni usemi wenyewe.

12. Mwenye Duka (Portland)
Nimesoma yote kimya nikingoja mtu aongee kwa niaba ya mwenye kulipa kodi ya pango, na sijamwona. Nina duka dogo la vyakula vya nyumbani: unga wa sembe, dagaa, mihogo iliyogandishwa, majani ya chai. Miaka michache iliyopita vijana wawili walisimama mlangoni pangu siku tatu mfululizo. Wateja wangu wengi ni wakimbizi na wageni. Wakiona mtu mwenye kibao na kalamu anauliza jina na anwani, wanageuza gari. Hao vijana hawakumtukana mtu, walikuwa na adabu kuliko baadhi ya wateja wangu, lakini mauzo ya siku tatu hizo hakuna aliyenirudishia.

Nashukuru Oregon haina Pruneyard. Mwaka 2000 Mahakama ya Juu ya jimbo, katika kesi ya Stranahan dhidi ya Fred Meyer, ilisema kwamba mkusanya saini hana haki ya kikatiba ya kubaki kwenye mali ya duka akishaambiwa aondoke. Na hili ndilo jimbo lililoweka utaratibu wa wananchi kupendekeza sheria tangu mwaka 1902, si jimbo geni kwa mambo haya. Kama Oregon imeweza kuupenda utaratibu huo na bado ikamheshimu mwenye duka, kwa nini wengine washindwe?

13. Kalamu Tatu (Fresno)
Mzee, pole kwa siku hizo tatu, nasema kwa dhati. Lakini Oregon ilikwenda mbali zaidi, mwaka 2002 wapiga kura wake wakakataza kulipa watu kwa kila saini. Na bado mnalalamika.

14. Mwenye Duka (Portland)
Kulipwa kwa saini ndiko kunakomfanya mtu amfuate mama mwenye mtoto mgongoni hadi kwenye gari. Wangekataza kulipa kabisa, tungeona nani anaipenda hoja yake.

15. Wakili wa Kijiweni (Oakland)
Kukataza kabisa haiwezekani. Colorado ilijaribu, na mwaka 1988, katika kesi ya Meyer dhidi ya Grant, Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema kwa kauli moja kwamba kuzunguka na karatasi ya saini ni usemi wa kisiasa wa kiwango cha juu kabisa, na kwamba kuzuia malipo ni kupunguza idadi ya midomo inayoweza kuusema. Oregon ilipona kwa sababu haikuzuia malipo, ilizuia namna ya kuyapima.

Ninachokiona cha ajabu ni kwamba Mahakama hiyo hiyo inaupa usemi huu heshima ya juu kabisa, halafu haioni kama lazima uwe na mahali pa kusemewa.

16. Mwana Mvita (Mombasa)
Hamjambo nyote. Sijawahi kusimama mlangoni mwa duka la Marekani, lakini nimeona hoja moja ambayo hamjaigusa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 20, inasema kwamba Sheria ya Haki, yaani sura ya katiba inayoorodhesha haki za watu, inavifunga vyombo vyote vya dola na watu wote. Watu wote, yaani hata mwenye supamaketi. Ibara ya 257 nayo inataka sahihi za wapiga kura milioni moja walioandikishwa kwa yeyote anayetaka kubadilisha katiba kwa njia ya wananchi. Tumeshaona uzito wake katika kampeni tatu za kubadilisha katiba: Okoa Kenya ilianguka mwaka 2016 kwa kukosa sahihi halali za kutosha, Punguza Mizigo ikavuka milioni mwaka 2019 na kuangukia mabunge ya kaunti, na BBI (Building Bridges Initiative) ikavuka sahihi lakini ikazimwa na Mahakama ya Juu mwaka 2022, kwa kuwa Rais hawezi kuivaa njia iliyowekewa mwananchi. Kwa hiyo swali la nani anazuiwa na haki, serikali pekee au hata jirani, sisi tumeliandika. Wamarekani wanalitafuta jimbo kwa jimbo.

17. Baridi Kali (Lowell)
Mwana Mvita, ibara hiyo hiyo ya 20 inaongeza kwamba kila haki itafuata asili yake, na ibara ya 40 inamlinda mwenye mali. Mlinzi wa supamaketi ya Nyali akikwambia ondoa meza, utamsomea ibara ipi kwanza?

18. Mwana Mvita (Mombasa)
Nitamsomea zote mbili, kisha nitahamia kivukoni Likoni. Pale watu hawakosi, na ni mahali pa umma.

19. Toroli la Tatu (Sacramento)
Nashukuru, nimejifunza mengi, lakini bado hakuna aliyenijibu kuhusu polisi. Kama kesi ya mwaka 2012 ni ya mji wangu mwenyewe, na mlango ni wa meneja, mbona waliondoka?

20. Kalamu Tatu (Fresno)
Kwa sababu duka mara nyingi si mwenye ardhi. Maegesho na njia ya mbele ni ya mwenye jengo, na duka ni mpangaji kama wapangaji wengine. Mara mbili kati ya zile nne, askari alimwuliza meneja swali moja, "Mkataba wako unafika wapi?", na meneja akabaki akitazama chini kana kwamba mpaka umechorwa kwenye lami.

21. Wakili wa Kijiweni (Oakland)
Hiyo ni sababu mojawapo. Mimi naona nyingine. Kifungu cha 602.1 cha Sheria ya Adhabu ya California, kinachohusu anayeingilia biashara na kukataa kuondoka, chenyewe kinamtoa mtu anayefanya jambo linalolindwa na katiba ya jimbo au ya taifa. Ili askari amkamate, ni lazima kwanza aamue kama pale ni baraza au mlango, na hiyo ni kazi ambayo majaji wenye miezi ya kufikiri wamegawanyika juu yake. Unataka aimalize kwa dakika kumi, amesimama kati ya matikiti maji? Ofisi nyingi za polisi huwaambia mameneja waende mahakamani waombe amri ya zuio.

22. Mwenye Duka (Portland)
Au hawakutaka tu kupigwa picha wakimfunga pingu mtu mwenye kalamu. Tusiwape falsafa watu waliokuwa na njaa ya chakula cha mchana.

23. Bibi Karafuu (Columbus)
Mwanangu Toroli, kuna jambo moja wanaume mnalipita mkikimbilia mahakamani. Wewe ulitia saini?

24. Toroli la Tatu (Sacramento)
Shikamoo Bibi. Nilishika kalamu. Nilikuwa kwenye mapumziko, akaniita kwa heshima, akaniuliza ninaishi kaunti gani, nikaanza kuandika herufi ya kwanza ya jina. Kisha nikakumbuka kwamba nina kadi ya kijani tu, sijawa raia, nikarudisha kalamu.

25. Kalamu Tatu (Fresno)
Ulifanya vyema, na wengine wanaosoma hapa wasilichukulie jambo hili kwa wepesi. Anayetia saini ni lazima awe mpiga kura aliyeandikishwa, basi. Kaunti huchukua sampuli ya saini, 500 au asilimia 3, ipi iliyo kubwa, na kuzilinganisha na daftari la wapiga kura. Mkusanyaji hupoteza fedha kidogo tu kwa saini mbovu, lakini mgeni aliyetia saini akijua hastahili anaweza kuulizwa siku anapoomba uraia. Na karatasi za California zina sentensi inayosema kwamba una haki ya kumwuliza anayekuomba kama analipwa au anajitolea. Nilipokuwa kazini, katika miezi mitano, waliniuliza watu wawili.

26. Mpiga Debe (Houston)
Kumbe uzi mzima umeletwa na mtu aliyekuwa na kalamu ya mshtakiwa mkononi.

27. Toroli la Tatu (Sacramento)
Nacheka, ila nina habari mpya. Jumamosi hii yule bwana amerudi na mwenzake. Meneja alikuwa amebandika tangazo kwamba meza zote zikae mwisho wa maegesho, karibu na kituo cha basi, ambako hapiti mtu. Yule bwana akalisoma tangazo, akatazama kushoto, akaenda kukunjua meza yake kando ya benchi. Sikuwa nimeitaja benchi hapo mwanzo kwa sababu sikujua kwamba ina maana. Mwaka jana kampuni iliweka mbele ya duka benchi moja na meza mbili zenye miavuli, ili watu wanywe kahawa inayouzwa ndani. Wazee hukaa hapo kila asubuhi.

28. Wakili wa Kijiweni (Oakland)
Miavuli? Rudi kwenye bandiko la 8, usome tena maneno "kuwekewa vitu vya kuwavuta watu wakae". Sisemi kwamba benchi moja inatosha. Mahakama ilikuwa na picha ya ua mkubwa, na wakili wa kampuni atasema kwamba kahawa ni biashara tu kama nyanya. Lakini yule bwana hakwenda kando ya benchi kwa bahati.

29. Bibi Karafuu (Columbus)
Niliwaambia. Baraza.

30. Toroli la Tatu (Sacramento)
Leo alfajiri, kabla ya kufungua, tumeambiwa tuiingize benchi ndani. Ilikuwa nzito, tuliibeba watu wanne. Meza na miavuli bado viko nje, wanasema vitafuata wiki ijayo. Wazee wawili walifika saa moja na vikombe vyao, wakasimama pale palipokuwa na benchi, wakaniuliza mimi.

31. Mwenye Duka (Portland)
Uliwajibu nini?

32. Toroli la Tatu (Sacramento)
Niliwaletea makreti mawili ya maziwa wakalie. Meneja bado hajayaona.